Alhamisi za Kilosa

Nikiwa zamu barabarani hapa Mikumi, Alhamisi ikifika huwa naijua kabla sijauliza siku. Mkono unatafuta khanga ya kujifunika vumbi, miguu inataka kuelekea stendi, halafu nakumbuka kwamba sina tena pa kwenda. Kuna kipindi siku hiyo nilikuwa na ruhusa ya kituo. Navua sare, navaa gauni kama mwanamke mwingine yeyote, napanda gari la Kilosa. Njiani tunapita Ulaya, kijiji ambacho makondakta hawachoki kukitania. "Wa Ulaya shukeni, viza mkononi!" Nilikuwa nacheka kila mara, ingawa kicheko changu wakati huo kilikuwa cha mabega tu. Sauti haikuwepo. Hiyo ndiyo iliyonipeleka Kilosa.

Mimi ni trafiki. Nimezaliwa Munisagara, kando ya reli, nikalelewa na mama aliyekuwa analima na kuuza mahindi ya kuchemsha kwa abiria wa treni. Mtoto wa reli anajifunza kupaza sauti mapema, maana treni ikisimama inasimama kidogo, na usipoita utarudi nyumbani na sinia lako kama ulivyolitoa. Nilipoingia polisi na kupangiwa barabara, wenzangu walinitania kwamba naweza kumsimamisha dereva akiwa bado katikati ya hifadhi.

Barabara yetu inakatiza hifadhi ya wanyama. Malori ya Zambia, mabasi ya mikoa ya kusini, magari madogo ya watu wenye haraka, wote wanapita palepale ambapo tembo wanavuka wanapojisikia na nyani wanakaa pembeni kusubiri ganda la ndizi. Ajali nilikuwa nimeziona nyingi. Nilishafunika watu, nilishashika tochi huku daktari akishona, nilishawapigia ndugu simu zile ambazo hakuna anayependa kuzipiga. Baada ya hapo nilioga, nikala, nikalala. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini ile moja ndiyo ilinishinda, namsimulia tu ilivyokuwa.

Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kunyesha. Lori bovu lilikuwa limesimama karibu na kona, dereva wake ameweka matawi barabarani kama tahadhari. Kosta ya abiria iliyotoka upande wa Morogoro ikalikwepa, ikakutana uso kwa uso na lori jingine. Tulipofika, abiria wengi walikuwa wameshatolewa na wapita njia, wamelazwa kwenye majani yenye maji. Mama mmoja alibaki ndani. Alikuwa ameketi siti ya mbele, na bati la gari lilikuwa limemkunjia miguu. Mafuta yalikuwa yanavuja. Watu wa zimamoto walimwaga povu, wakafukuza watazamaji, wakaanza kuandaa mkasi wao mkubwa wa kukatia vyuma.

Niliingia kwa upande wa pili, kupitia dirisha lililovunjika, kwa sababu mimi ni mwembamba na kwa sababu yule mama alikuwa anaita. Hakuna aliyeniamuru. Nikampata mkono, nikaushika. Ulikuwa na pete moja nyembamba na ulinukia vitunguu.

"Usininyamazie," akaniambia. "Ukininyamazia nitalala, na nisilale."

Nikaongea. Mwanzoni nilisema yale tunayofundishwa kusema, kwamba msaada umefika, kwamba atulie. Hayo yaliisha upesi. Nikamwambia natokea Munisagara. Nikamsimulia treni ilivyokuwa inaingia na sisi tunakimbia sambamba na mabehewa, masinia kichwani. Nikamsimulia ugomvi wa mama na jirani yake juu ya mbuzi aliyemaliza matembele. Hapo kwenye mbuzi alitabasamu, nilimwona. Ng'ambo ya bati chuma kilikuwa kinalia, ule mlio unaoingia kwenye meno, na kila kilipolia alinibana mkono, nami nikapandisha sauti juu ya chuma. Habari za nyumbani zilipoisha nikaanza kumpikia. Nikamweleza mama anavyopika magimbi ya karanga. Unayamenya, unayachemsha, maji ya kwanza unayamwaga maana ndiyo yanayowasha koo, unatia maji mapya. Sijafika kwenye karanga, bati likaachia.

Walimtoa kwa upande wao. Mimi niliona glavu, na kofia ngumu yenye kioo kilichotapakaa povu, basi. Mkono wake ukateleza kutoka kwenye wangu. Gari la wagonjwa likafunga mlango, likaondoka.

Nikatoka kwa kutambaa nilivyoingia. Mkuu wangu alikuwa amesimama barabarani anataka taarifa. Nikapiga saluti, nikafungua mdomo. Hewa ikatoka, sauti haikutoka.

Nilidhani ni uchovu. Asubuhi yake pia haikutoka, wala wiki iliyofuata. Hospitali walinimulika koo kwa tochi, wakanipa dawa za kumung'unya. Nilikunywa tangawizi na asali mpaka nikachukia harufu yake. Nikapelekwa kwa daktari bingwa wa koo, akaingiza kidude chenye taa puani, akatazama, akasema kila kitu kipo mahali pake na kinafanya kazi. Alisema kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema. Mimi nilitoka pale nikiwa na aibu ambayo sikuwa nayo nilipoingia, kwa sababu ugonjwa usioonekana kituoni kwetu una jina moja tu, uvivu.

Mkuu wangu hakuwa mtu mbaya. Alinipangia kazi za ndani. "Pumzika kwanza," alisema, halafu baada ya muda akaanza kuuliza, "Utapumzika mpaka lini, afande?" Wenzangu walisema madereva wote wa barabara hii wanaomba nisipone. Nilicheka nao kwa mabega. Nikifika chumbani nililia, na hata kilio hakikuwa na sauti.

Nilipokwenda Munisagara, nilimwamkia mama kwa kupiga goti, midomo ikasema shikamoo bila mlio. Alinitazama muda mrefu. Akasema marahaba. Halafu akaniambia kwa Kisagara, lugha tunayoitumia tukiwa wawili tu, kwamba sauti haipotei, inaachwa mahali. Hakusema niende wapi kuichukua. Aliniwekea chakula, akakaa karibu yangu, na yeye akawa haongei, ili nisijione peke yangu.

Aliyenifikia ni muuguzi mmoja mtu mzima. Alikuwa amepewa kazi ya kuangalia afya za watumishi wa polisi na zimamoto wa wilaya yetu, kwa mradi mdogo ambao wengi hatukujua kama upo. Alikuwa anazunguka vituoni na begi lake, anapima presha, anaangalia migongo ya wanaobeba mipira ya maji, masikio ya wanaokaa karibu na ving'ora, vifua vya waliovuta moshi. Alikuwa mtoto wa Kimamba, mjukuu wa watu walioletwa kukata mkonge, na alikuwa na ule uchangamfu wa watu waliokulia kwenye kambi zenye makabila mengi. Tulimwita sista.

Siku aliyokuja kituoni kwetu mkuu wangu alimwambia, "Huyu ndiye bubu wetu." Sista hakucheka. Aliniambia nivue viatu.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikavua, akainama, akashika miguu yangu mmoja mmoja, akabonyeza nyayo, akatazama mishipa nyuma ya goti. Tangu niingie kazini hakuna aliyewahi kutazama miguu yangu, na kazi yangu ni kusimama.

"Unasimama kwenye lami kutwa na viatu vyenye soli iliyokufa," alisema. "Hii tutaitafutia dawa. Usingizi vipi?"

Nikatikisa kichwa.

"Ukilala unarudi kule?"

Nikakubali.

"Mimi sitakuuliza kule kuna nini. Wewe umezoea wapelelezi, mimi si mpelelezi. Na usijilazimishe kuongea. Sauti haiburutwi kama mbuzi. Ila Alhamisi uje Kilosa. Kuna wenzako tunakaa pamoja, polisi na zimamoto. Nahitaji mtu wa kupika chai."

Ndivyo nilivyoanza kwenda. Mkuu alitoa ruhusa kwa shingo upande, nadhani kwa sababu sista alimsimamia mezani hadi alipokubali.

Chumba kilikuwa nyuma ya zahanati, zamani stoo. Kulikuwa na mabenchi, mkeka, na dirisha linalotazama upande wa reli. Mlangoni tuliacha viatu. Sista alisema vyeo navyo vibaki nje na viatu, na kwa kuwa wote tulikuja na nguo za nyumbani, ilichukua muda kujua nani inspekta na nani konstebo. Wengine walikuja mara moja hawakurudi. Wengine walikaa kimya kama mimi ilhali sauti wanazo. Kabla ya maongezi sista alimpima kila mtu presha, akamuuliza kuhusu usingizi, pombe, mgongo, nyumbani. Aliuliza kama shangazi anavyouliza, huku akifanya jambo jingine kwa mikono. Alituambia kuwa mwili wa askari hutunza mambo ambayo askari mwenyewe ameshayafutia jalada. Mimi nilipika chai kwenye jiko la mkaa pale mlangoni, nikatia mchaichai, nikagawa vikombe. Ilikuwa raha kuwa na kazi isiyohitaji mdomo.

Mwanamume wa zimamoto alianza kuja baada yangu. Alikuwa wa umri wangu, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi. Alikuwa amefiwa na mke miaka kadhaa nyuma, binti yake analelewa na bibi yake Tanga. Hayo niliyajua baadaye. Siku za mwanzo nilijua tu kwamba anakunywa chai bila sukari na kwamba anakaa karibu na mlango.

Siku aliyoongea mvua ilikuwa inanyesha kwenye bati, taratibu. Sista alikuwa anamzungushia kitambaa cha kupimia presha mkononi, akamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na kwako mtaani kukoje?"

"Nimehama," akasema. "Nilikuwa nakaa karibu na mafundi wa kuchomelea. Grenda yao ya kukatia chuma ikilia nilikuwa natoka ndani nakwenda kusimama barabarani. Majirani wakadhani nimerogwa."

"Grenda inakukumbusha nini?"

Akasema kulikuwa na ajali Mikumi, Kosta, mama amebanwa miguu, yeye ndiye aliyeshika mkasi. Nilikuwa nimeinamia birika. Sikuinuka.

"Chuma kilikuwa karibu sana na nyama," alisema. "Nikikosea kidogo namkata. Mafuta yananuka. Mikono ikaanza kunitetemeka, haijawahi. Lakini upande wa pili kulikuwa na mtu. Sikumwona. Mwanamke. Alikuwa anaongea na yule mama bila kupumzika, anapiga stori za mbuzi, za treni, sijui nini. Nikajiambia, huyu akiwa anaongea, mama yu hai. Nikawa nakata kwa kufuata ile sauti. Ikipanda nakata, ikishuka nasubiri. Sijui alikuwa nani. Pengine ndugu yake."

Mvua ilikuwa inasikika.

"Nilikuwa mimi," nikasema.

Ilitoka nene, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka kutoka homa. Wote waligeuka. Mimi mwenyewe niligeuka, nikitafuta aliyesema. Sista alisimamisha mkono wake kwenye kile kipira cha presha, hakukibonyeza tena.

Yule mwanamume aliinuka, akaketi, akainuka tena. Alinitazama usoni kama anajaribu kunifananisha na kitu. Nilidhani atalia, au mimi nitalia. Badala yake akauliza:

"Yale magimbi yaliiva?"

Chumba kizima kikacheka, hata wale wasiojua tunacheka nini. Akaendelea, "Nakuuliza kweli. Ulimwaga maji ya kwanza, ukatia mengine, halafu bati likaachia. Mpaka leo sijui mlifikia wapi."

Basi nikamalizia. Nilisimama pale na birika mkononi nikasema kwamba karanga zinatwangwa mbichi, siyo za kukaanga. Unazikoroga na maji ya vuguvugu, unazimimina magimbi yakiwa yameanza kulainika. Moto uwe mdogo. Usikoroge kwa mwiko maana yatavurugika, unatikisa sufuria tu. Chumvi mwisho. Sauti ilikatika mara mbili tatu nikaisubiri, ikarudi. Nilipomaliza sista alisema, "Sasa mimina chai, inapoa," na akaendelea kupima presha ya yule mwanamume. Akamsomea, ilikuwa imepanda, wote tukacheka tena.

Jioni ile nilimpigia mama simu. Nilisema shikamoo. Nikasikia anamwita jirani, yuleyule wa mbuzi, aje asikie.

Tulitaka kujua habari za yule mama. Sista aliahidi kuulizia, na aliulizia kweli. Aliporudi alituweka sisi wawili pembeni. Alisema mama alifika hospitali ya kwanza akiwa hai na anaongea, akapelekwa hospitali kubwa. Huko alitolewa na ndugu zake, na sista hakuweza kufuatilia zaidi, na hata angeweza asingetuambia ya mgonjwa wa watu. "Mlimkabidhi akiwa hai," alisema. "Kazi yenu iliishia hapo, na iliisha vizuri. Yaliyobaki ni yake." Mwenzangu aliinamisha kichwa. Mimi niliona kama nimepewa nusu ya kitu. Bado naona hivyo. Kila Kosta inayopita nikiwa zamu natazama siti ya mbele, na nikimwona mama wa umri ule natazama vidole vyake.

Baada ya hapo Alhamisi zilibadilika. Maongezi yakiisha, mimi na yule wa zimamoto tulitembea hadi stendi. Hatukuwa na haraka. Tulipita sokoni, alininunulia juisi ya miwa, tulisimama kutazama treni mpya ya umeme inavyopita bila kelele, nikamwambia hiyo tusingeiuzia mahindi. Alinieleza kuhusu binti yake, anavyopenda kuchora, anavyokataa kuongea na baba kwenye simu halafu analia simu ikikatwa. Nilimweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza mtu. Sauti yangu ilikuwa imerudi, ila imeshuka, imekuwa nzito kidogo, na alisema anaipenda hivyo kuliko ile ya kwenye Kosta.

Siku moja akaniomba nimsindikize kwenye mtaa wa mafundi. Tulikwenda polepole. Kwenye kibanda cha kwanza fundi alikuwa anakata nondo, cheche zinaruka, ule mlio ukatupokea. Alisimama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nikaanza kuongea, sijui nilisema nini, nadhani nilimsimulia nyani aliyemwibia mkuu wangu chapati kutoka kwenye gari la doria. Tulisimama hadi nondo ikakatika. Fundi akatuuliza kama tunataka kutengeneza geti. Tukamwambia siku nyingine. Tuliporudi alinishika mkono, mkono ule mkubwa, na hakuuachia hadi tulipofika stendi. Hatukusema neno juu ya hilo, wala Alhamisi iliyofuata.

Mtu akiniuliza kama nilimpenda, ningesema ndiyo, lakini nisingejua jinsi ya kuieleza. Hatukuwahi kukutana nje ya Kilosa. Sikuwahi kujua anapika nini kwake, wala yeye hakuwahi kunitembelea Mikumi. Tulikuwa watu wa siku moja ya wiki, na kwa siku hiyo moja niliweza kuziishi zile nyingine.

Ilipofika wakati wa uhamisho aliomba Tanga, na akapata. Aliniambia tukiwa tumekaa kwenye benchi la stendi.

"Binti anaingia kidato cha kwanza," alisema. "Nikichelewa sasa sitampata tena."

"Umefanya vizuri," nikamwambia, na nilimaanisha.

"Grenda zipo na Tanga."

"Zipo. Simama uzisikilize hadi wamalize."

Alitaka kusema jambo. Nilimwona analitafuta, na mimi nikalisubiri, na kama angelisema sijui ningemjibu nini, maana mama yangu yuko Munisagara na barabara yangu iko Mikumi na binti yake yuko kule anamhitaji. Gari langu likaita abiria. Akanipa mkono kama watu wengine. Nilikaa dirishani upande wa jua ili nimwone, na vumbi likaninyima.

Huwa ananipigia simu sikukuu. Anasema binti anaongea sasa, anaongea mpaka baba anachoka kumsikiliza. Namsikia nyuma yake akiuliza, "Baba, nani huyo?" naye anajibu, "Mtu wa kazini." Ni kweli.

Haikupita muda mrefu sista naye akastaafu, na mradi ukaisha bila mtu kututangazia umeisha. Alhamisi moja nilifika nikakuta chumba kimefungwa. Nyingine nikakuta kimejazwa vyandarua na mifuko ya saruji, mabenchi yametolewa nje, kuku wamelala juu yake. Nilisimama dirishani kwa nje nikatazama ndani. Mlinzi akaniuliza, "Unamtafuta nani, mama?" Nikashindwa kumjibu, na safari hii sauti nilikuwa nayo.

Nimerudi barabarani. Viatu vipya vyenye soli laini vilitolewa kwa trafiki wote wa kituo chetu. Sista alikuwa ameshavipigania kabla hajaondoka. Mkuu wangu siku hizi, ikitokea ajali mbaya, haulizi tena askari atapumzika mpaka lini. Alikuja yeye mwenyewe siku moja kwenye kibanda chetu cha mapumziko, akavua kofia, akaketi, akaniomba chai. Alikunywa kikombe chote, akaomba cha pili, akaanza kunisimulia ajali ya zamani, ya wakati akiwa bado konstebo. Nilimsikiliza. Sikujua kuuliza kama sista, nilijua tu kutoondoka. Tangu hapo wengine nao wanakuja, polisi, na zimamoto wakipita na gari lao, tunakaa. Inasaidia. Lakini hatuna dirisha linalotazama reli, hatuna anayetushika miguu, na redio ya mawasiliano inatukatisha kila mara.

Mwaka huu, mavuno ya mbaazi yalipoanza, nilikwenda Kimamba kumwona sista. Nilichukua bodaboda kutoka Kilosa, tukapita mashamba ya zamani ya mkonge ambayo sasa watu wanalima mahindi na mpunga. Nilimkuta uani, miguu imenyooshwa kwenye mkeka, ungo mapajani. Amekonda. Anasikia vizuri kwa sikio moja.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Ongeza sauti, sikio hili limestaafu kabla yangu."

Nikaongeza. Alicheka mpaka akashika mbavu, kwamba ni mimi ninayeambiwa niongeze sauti. Tukakaa tunapukuchua mbaazi. Nilikuwa nimejipanga kumweleza mambo mengi, ya kibanda chetu, ya mkuu wangu, ya Tanga, ya jinsi Alhamisi zinavyonikuta bila pa kwenda. Lakini yeye alitaka kuongea juu ya shamba lake, juu ya ng'ombe wa wafugaji walioingia kwenye mpunga, juu ya mjukuu aliyepata kazi Dar es Salaam na haji tena kumwona. Nikagundua kwamba safari hii yeye ndiye anayehitaji kukaliwa karibu. Nikamuuliza kuhusu usingizi. Nikamuuliza kuhusu mgongo. Alijibu kwa kirefu, kama mtu aliyesubiri muda mrefu kuulizwa.

Mchana ulipokolea akasinzia, mkono ungali ndani ya ungo. Nikauondoa polepole, nikamwekea khanga chini ya kichwa. Nilimalizia mbaazi zilizobaki, nikazimimina kwenye sufuria, nikafagia maganda. Bodaboda wangu alikuwa ananisubiri barabarani, akapiga honi kidogo. Nikamwonyesha kwa mkono asipige tena, nikachukua viatu vyangu, nikatembea peku hadi nje ya uzio.